Mwaka Ambao Mamba Alimla Kaka Yangu

Nimelala katika miji mingi, na ni michache tu iliyonishika hadi mvua ya pili ikanikuta humo. Juzi, nyuma ya soko la mji ninaokaa sasa, mwanamke mmoja alikuwa akichemsha magome ya mti ndani ya pipa la mafuta, apate rangi ya kutia vikapu vyake. Harufu ile ilinisimamisha. Ni harufu chungu na nzito, kama chai iliyosahauliwa motoni pamoja na msumari wenye kutu. Nilikaa pale hata yule mwanamke akaniuliza kama kuna mtu ninayemtafuta. Nikamwambia hapana, lakini sikuondoka.

Ninyi mliokulia ng'ambo ile ya Nchelenge kabla ya nyavu za nailoni mnaijua harufu hiyo. Nyavu zetu zilikuwa za pamba, na zisipochovywa katika maji ya magome zilioza upesi. Kila kipande cha ufuko wa ziwa Mweru kilikuwa na pipa lake, na kila mvuvi alikuwa na mikono ya kahawia hadi kwenye viwiko. Mikono ya kaka yangu Mwansa haikuwa hivyo. Yake ilikuwa na doa la wino kwenye kidole kimoja, na mama alilipenda doa lile kama wanawake wengine wanavyopenda shanga. Kisha ukaja mwaka ambao wino ulififia na kahawia ikaanza kupanda. Huo ndio mwaka uliotoka ndani ya pipa la yule mwanamke.

Tulikaa karibu na Kashikishi, mahali ambapo upepo ukigeuka nyumba nzima inanuka samaki wanaokaushwa. Baba alikuwa amekwenda migodini kabla sijaota meno. Alikwenda kwa mwaka mmoja. Mwanzoni alituma salamu kwa watu waliorudi likizo, kisha salamu zikawa fupi, kisha watu wale wakawa wanapita njia nyingine wakimwona mama anakuja. Kwa hiyo nyumbani kwetu "mwaka mmoja" halikuwa jambo la kutamkwa ovyo.

Mwansa alikuwa amemaliza Standadi Siksi na amefaulu. Mwalimu wake alikuja mwenyewe kwa baiskeli kutuambia, akapewa kiti, na kiti kilikuwa kimoja tu. Alisema Mwansa amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mbali, upande wa Kasama. Mama akapiga makofi kidogo kwa adabu, akingoja kilichobaki, kwa sababu mwalimu alikuwa hajatabasamu.

"Lakini vitanda vya mwaka huu vimejaa," akasema mwalimu. "Kundi lake litaingia mvua zijazo. Lori la chuo litakuja mpaka soko la Kashikishi kuchukua vijana wote wa upande huu wa ziwa. Asiyekuwepo siku hiyo, kitanda chake anapewa mwingine."

"Mwaka mzima, mukwai?" akauliza mama, kwa neno letu la heshima.

"Mwaka mzima, Bana Mwansa," akasema, akimwita mama kwa jina la mtoto wake. "Ndiyo maana nimekuja. Vijana wangu wanashinda mtihani, halafu wanashindwa na mwaka huu wa kungoja. Mmoja ameoa. Mwingine alipanda lori la Kopabeti, kule migodini, kwenda kununua viatu, na hadi leo hajarudi. Mwingine yupo tu, anakunywa. Tupange huu mwaka sisi, kabla haujampanga yeye."

Waliokuwa pale ni mama, mwalimu, Mwansa, na mjomba Kalumba, kaka ya mama. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake, kwa hiyo neno la mjomba ndilo linalofunga shauri. Na alikuwepo Ba Numbi, ambaye hakuitwa, lakini hapakuwa na mlango uliofungwa kwake. Alikuwa mtu wa Pweto, upande wa Kongo, mwenye mashua kubwa na kambi ya uvuvi kwenye kisiwa cha Kilwa, humohumo ziwani. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kiliingia nyumba yetu mdomoni mwake, na Kiswahili changu cha kwanza ni chake.

Ba Numbi alikuwa wa ukoo wa Mamba. Sisi ni wa ukoo wa Samaki. Mnajua maana yake. Mamba hula samaki, na kwa sababu hiyo koo hizi mbili ni watani, banungwe, pande zote za ziwa, hata kama hamjawahi kuonana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, anaweza kuondoka na kuku wako, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye makosa. Ukifa, yeye ndiye anayekuosha na kuchimba kaburi lako, na mali uliyoiacha mkononi ni haki yake. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa bado sijaanza shule, na hakuna aliyenieleza, kwa sababu hakuna anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowesha. Nilichojua ni kwamba mtu mkubwa mwenye meno yaliyochongwa, anayetafuna kichwa cha samaki pamoja na mifupa yake, alizoea kukaa kwenye mkeka wetu na kusema kwamba atatula. Na mamba nilimjua. Nilikuwa nimemwona akimchukua mbuzi wa jirani pale tunapochota maji. Mbuzi hakulia hata kidogo. Alikuwepo, kisha hakuwepo.

Mwalimu alishauri Mwansa akae shuleni, awasaidie watoto wadogo kusoma, vitabu visimsahau. Mjomba akasema kijana mwenye mabega vile hawezi kukaa mwaka mzima akiimba a-e-i-o-u na watoto. Afadhali aende Kopabeti, mwaka huo mmoja tu. Mama aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mwalimu akamgeukia Mwansa na kumuuliza mwenyewe anataka nini.

"Ziwa," akasema Mwansa. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja jina la msichana.

"Alor," akasema Ba Numbi. Neno hilo alilichukua kwa Wabelgiji na hakulirudisha. "Munipatie miye huyu samaki. Nitamuweka kule Kilwa, mu mashua yangu. Nitamukula pole-pole, mwaka muzima. Nyama ni yangu. Kichwa ni yenu, kitaenda ku masomo."

Wote wakacheka. Mama alicheka kule kwenye moto, na mwalimu alicheka hadi kiti kikalia.

"Mamba mzee huyu," akasema Mwansa, "akinitafuna meno yatabaki kwangu."

"Nyamaza, kitoweo," akasema Ba Numbi. "Samaki hasemi kama iko mu sahani."

Shauri likafungwa hivyo. Mjomba alikubali kwa sababu Kilwa inaonekana kutoka ufukoni siku isiyo na ukungu, na mama alikubali kwa sababu si Kopabeti. Mimi nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Mwalimu huyohuyo alizoea kusema kwamba shule haitaki kitu kwa mtoto ila kichwa. Nilielewa kila kitu. Kaka yangu alikuwa amegawanywa.

Alikwenda. Baada ya muda alirudi na mashua ya Ba Numbi, akiwa na samaki wa mama na wa mjomba, na mimi nikaanza kazi yangu ya kumkagua. Mara ya kwanza alikuwa amekonda mashavuni. Mara nyingine ukucha wa kidole gumba haukuwepo. Baadaye alikuwa na kovu refu la mwiba wa samaki mkononi, na ngozi ya viganja imetoka kama ganda la mhogo. Kahawia ilikuwa imefika kwenye viwiko. Kila akija alikuwa amepungua mahali fulani, na kila akija watu wazima walimwambia Ba Numbi, "Umemwacha mwembamba hivi?" na Ba Numbi akajibu, "Bado, tumbo yangu haiyashiba."

Nilianza kumwekea Mwansa bukari, ugali wetu, kutoka sahani yangu. Nilitia tonge mbele yake na kumwangalia hadi alimeze.

"Chola, unanilisha kama mgonjwa," akaniambia siku moja.

"Ameanza kula wapi?"

"Nani?"

"Ba Numbi."

Aliutazama uso wangu, akaona mzaha ambao mimi sikuuona. "Ameanza na miguu," akasema. "Huoni ninavyotembea?"

Na kweli alikuwa akitembea vibaya, miguu imetanuka, kama watu wote wanaoshinda ndani ya mashua. Niliuacha ugali wangu wote pale.

Mama naye alikuwa akimkagua, lakini alitazama mahali pengine. Mwansa aliondoka na kitabu chake kimefungwa kwenye kipande cha turubai. Safari za mwanzo kitabu kilikwenda na kurudi. Kisha kikabaki Kilwa. Mama akauliza kiko wapi, akajibiwa kipo. Akauliza tena mwezi mwingine, akajibiwa kwamba kambini kuna unyevu. Mazungumzo ya Mwansa yakawa ni ya upepo, na ya mahali samaki wanapolala maji yakipoa, na ya Mgiriki wa Kasenga anayenunua mzigo mzima bila kubagua. Watu walisema hajaonekana kijana mwenye mkono kama ule. Ba Numbi mwenyewe alisema, na aliposema hivyo hakutania.

Mjomba Kalumba alibadilika pia. Samaki waliofika kwake waliezeka nyumba yake upya. Akaanza kusema, "Watoto wanasoma ili wapate kazi. Huyu ameipata. Mnataka apate nini tena?" Kwetu dada hambishii kaka yake juu ya watoto. Mama alikuwa akikaza tu kitambaa chake cha kichwa, na siku zile alikikaza mara nyingi. Kisha mjomba akamchongeshea Mwansa mtumbwi wake mwenyewe. Mama alizisikia habari hizo pale tunapochota maji, kutoka kwa wanawake wengine, akarudi na ndoo nusu.

Mvua zilipoanza Mwansa alikuja nyumbani, na mama akamngoja amalize kula.

"Lori litakuja," akasema.

"Nitaona, mama."

"Utaona nini?"

"Kule nitakuwa mtoto tena. Nitasimama kwenye mstari na bakuli, nikingoja uji. Hapa watu wazima wananisalimia kwa mikono miwili."

"Baba yako pia walimsalimia kwa mikono miwili."

Mwansa akanawa mikono, ambayo ilikuwa tayari imeoshwa, akatoka. Sikuelewa uji na mstari. Nilielewa tu kwamba sasa hata sauti yake imeanza kuliwa, kwa sababu haikuwa ile niliyoijua.

Asubuhi ambayo lori lilitarajiwa mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyonyesha wala kuacha. Mwalimu alipita na baiskeli yake amefunika kichwa kwa gunia, akasema lori limeshavuka daraja, litafika kabla ya mchana na halitakaa, kwa sababu barabara inaharibika. Mama alikuwa amefunga mzigo wa Mwansa: blanketi, shati, sabuni. Lakini Mwansa alikuwa Kashikishi, kwenye mtumbwi mpya, anajitayarisha kuuingiza majini kwa mara ya kwanza, na mjomba alikuwa amemwambia mama asithubutu kwenda kumwaibisha kijana mbele ya wavuvi. Kwa hiyo mama alikaa. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, mzigo magotini, akitazama mlango.

Mtoto anaweza kuvumilia kelele. Ule ukimya sikuuweza. Nikachukua kikapu, nikashuka ziwani.

Ba Numbi alikuwa kwenye pipa lake, upande wetu wa ufuko, anageuza wavu kwa mti ndani ya maji meusi. Moshi ulikuwa umelala chini kwa sababu ya mvua. Aliponiona alikenua meno yake.

"Weye samaki kidogo. Umechoka kuishi? Unakuja mwenyewe mu chungu?"

"Nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Kichwa."

Akacheka. "Kichwa gani?"

"Cha yaya, kaka yangu. Ulisema nyama ni yako na kichwa ni chetu, kiende ku masomo. Lori linakuja leo. Mama anangoja." Nikamwonyesha kikapu. Nilikuwa nimetandika majani ya mgomba ndani, kama tunavyofanya kwa samaki wabichi, kisivuje. "Nipe nikipeleke."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Alikitazama kikapu, akayatazama majani, akanitazama mimi. Aliuacha mti ndani ya pipa, na sijawahi kumwona mvuvi akiuacha wavu motoni.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anafanya nini?"

"Amekaa. Amefunga mzigo na amekaa."

Alichuchumaa hadi macho yetu yakalingana. Karibu hivyo, meno yale hayakuwa makubwa kama nilivyodhani, na alinuka magome na tumbaku.

"Alor," akasema polepole, lakini hakuwa akisema nami. "Nimekula sana. Kweli. Nimepitisha."

Akasimama, akavuta moto kutoka chini ya pipa kwa mguu. "Rudi nyumbani. Kikapu hiki ni kidogo." Akaondoka kuelekea Kashikishi kwa hatua ndefu, na njiani nilimwona akiinama na kuchota tope kwa mikono miwili.

Nilirudi. Sikumwambia mama kitu, kwa kuwa sikujua ningesema nini. Kichwa hakikuwa kimekataliwa wala kutolewa. Nilikaa karibu na mguu wake. Tulikuwa bado tumekaa hivyo kilio kilipoanza.

Kilio cha msiba wa ziwani mnakijua. Kinaanza kwa sauti moja, kisha wanawake wanakipokea nyumba kwa nyumba, kila mmoja anakiinua kidogo kabla hajajua ni nani aliyekufa. Kilitoka upande wa mitumbwi. Kilikuja hadi kwa jirani, na jirani akatoka nje mikono kichwani. Alipomwona mama amesimama mlangoni, alinyamaza.

"Nani?" akauliza mama.

"Bana Mwansa, usiende peke yako."

Mama alikuwa ameshaondoka. Mzigo ulianguka, blanketi likaingia matopeni. Nilimfuata. Sikuwa nimewahi kumwona mama akikimbia. Alikimbia bila kupiga kelele, kitambaa kimeanguka, na alipoteleza aliinuka bila kujifuta. Watu walitupisha njia, na kwa jinsi walivyotupisha nilijua kwamba wanajua. Mimi nilijua zaidi yao. Nilikuwa nimekwenda kuomba kichwa, na sasa kinatolewa.

Ufukoni palikuwa pamejaa. Katikati ya watu Ba Numbi alikuwa akigaagaa chini, amejipaka tope kutoka nywele hadi kifuani, kama wanavyofanya watani msibani.

"Mwalimu yetu amekufa," alikuwa akilia. "Samaki yangu amekufa. Alikuwa na kichwa muzuri, batoto bengi balikuwa banakingojea, kichwa kimeoza mu maji ya Kilwa. Nani atabafundisha? Nitafundisha miye, mutu ya kutia alama ya kidole? Mumulilie. Amekufa, mumulilie."

Na mbele yake, ndani ya mtumbwi mpya, miguu imetanuka, alisimama Mwansa.

Mzima. Kichwa kipo, mikono ipo. Nilimtazama mwili wote na sikuelewa jambo lolote.

"Ba Numbi, acha," alikuwa akisema, midomo imekauka. "Niko hai. Watu wananiangalia."

"Minasikia sauti ya marehemu," akasema Ba Numbi. Aliinuka, akaingia majini, akauvuta wavu kutoka mtumbwini na kuutupa begani kwake. "Marehemu anaulizia wavu wake. Hapana, baba, wavu ni ya mutu anayechimba kaburi." Akachukua kasia. Akachukua kofia kutoka kichwani mwa Mwansa, akaivaa juu ya tope.

Vijana walikuwa wakicheka. Lakini kicheko kilikuwa kikipungua, kwa sababu Ba Numbi hakuwa akikonyeza mtu, na machozi yalichora mistari katika tope la uso wake. Kumlilia mtu aliye hai si mchezo. Mtu mwingine yeyote angeitwa mchawi. Mjomba Kalumba alikuja akisukuma watu, akisema huyu Mkongo amerukwa na akili, na aurudishe wavu. Bibi mmoja muuza chumvi akamshika mkono.

"Kalumba, mtani akilia, mwenye msiba hamnyamazishi. Au wewe umezaliwa wapi?"

Hapo ndipo mama alipofika.

Hakusimama. Alipita katikati yao, akaingia majini hadi magotini, akamshika Mwansa uso. Akamshika masikio, mabega, mikono, akamgeuza, akahesabu kwa viganja, vilevile nilivyozoea kumkagua mimi. Kisha akakaa ndani ya maji, mawimbi madogo yakimpiga kifuani. Ba Numbi aliacha kulia, kasia mkononi.

"Nimekimbia kutoka nyumbani nikijua umekufa," mama akasema. Hakuinua sauti. "Njia nzima sikuwa na mtoto wa kiume. Nimekulilia machozi yote, hakuna yaliyobaki. Sasa unisikilize. Hapa ziwani umekwisha kufa. Siwezi kukaa kwenye kile kiti kila siku nikingoja kilio hiki kije mara ya pili. Kama bado unapumua, nenda ukapumue kule lori linakokwenda."

"Dada," akaanza mjomba.

"Kaka, nimefiwa. Mtu haamrishi mfiwa."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimkatiza, na hapakuwa na mtu ambaye angemlaumu, kwa sababu msiba ulikuwa umeshaitwa na yeye alikuwa mama wa maiti.

Mwansa alibaki amesimama mtumbwini bila wavu, bila kasia, bila kofia. Alimtazama Ba Numbi kwa chuki ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, maana mtani hachukiwi. Nilidhani atampiga. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Mashavu yake yalikuwa yakicheza. Kisha akashuka, akamwinua mama kutoka majini kwa makwapa, akamkabidhi kwa muuza chumvi, akaanza kutembea kuelekea sokoni. Watu walimpisha kwa upana kuliko kawaida, na hakuna aliyemgusa.

Lori lilikuwa limefika, injini inaguruma. Mwalimu alikuwa nyuma yake na gunia kichwani, akitazama njia ya ziwani. Hakumuuliza Mwansa kwa nini amelowa, wala mzigo wake uko wapi. Alimpa mkono, akampandisha. Mwansa akakaa katikati ya wavulana wengine, ametupa kisogo. Nilikimbia pembeni hadi nikaona uso wake, kwa sababu nilitaka kuhakikisha. Alikuwa analia kama mtoto aliyechapwa, na kichwa kilikuwa kimeondoka na mwili wake wote.

Likizo ya kwanza hakumsemesha Ba Numbi. Likizo ya pili alimwita mamba kibogoyo mbele ya soko zima, na Ba Numbi akacheka hadi akashika nguzo, kwa hiyo tukajua yamekwisha. Mtumbwi mpya mjomba alimpa mtu mwingine. Ba Numbi alivua msimu mzima bila mkono mzuri kama ule aliokuwa nao, na sikumsikia akilitaja jambo hilo. Mimi nilisoma miaka michache, nikachoka kuulizwa maswali ambayo muulizaji anajua jibu lake, nikapanda mashua. Mwansa, alipokuwa mwalimu mzima, alijaribu kunirudisha, alinipangia hata shule na mahali pa kulala. Lakini mimi nilikwenda huku nimechagua mwenyewe, na mama aliliona hilo, hakumwita mtu wa kunililia.

Siku ile, baada ya lori, tulirudi nyumbani na kukuta kumejaa watu. Kilio kilikuwa kimepita vijiji ambavyo habari ya mtumbwi na wavu haikufika. Walikuja na unga, na kuni zilizolowa, na kuku mmoja amefungwa miguu. Wanawake walikuwa wameshakaa chini, miguu imenyooshwa, wanalia kwa bidii, wakitaja sifa za Mwansa, jinsi alivyokuwa na heshima, jinsi alivyojua kusoma. Ba Numbi alikuja nyuma yetu akiwa ameshaoga. Akaona hali ile, akaingiwa na haya, akaanza kusema, "Bamama, musikie, haikuwa kweli, ilikuwa..."

"Waache," akasema mama.

Akabadilisha nguo iliyolowa. Akaupokea unga, akapika bukari, akawapa wote wakala. Kisha akakaa chini katikati yao, akanyoosha miguu kama wao, akalia kwa sauti, vizuri, bila kujizuia. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo kabla, wala tena. Walimshika mabega, wakamfuta uso.

Walipokuwa wakiaga, bibi mmoja aliyetoka mbali kwa miguu akamuuliza kwa upole kaburi liko wapi, akaliangalie kabla ya kurudi. Mama akafikiri kidogo. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha barabara, pale ambapo alama za magurudumu zilikuwa bado mpya na zinajaa maji.